Siku ya Kusi Kisiwani Uzi

Nimekulia Mwanza, na kwa mtu wa ziwa kisiwa ni kisiwa tangu alfajiri hadi usiku. Utotoni tulipelekwa kisiwani Saanane kwa boti na tukarudishwa kwa boti, na mwamba tuliouacha umezungukwa na maji asubuhi tuliukuta vilevile jioni. Kwa hiyo mume wangu, ambaye ni mzaliwa wa Unguja mjini, aliponieleza kwamba shangazi yake anaishi katika kisiwa kinachofikiwa kwa miguu maji yakipwa na kukatika maji yakijaa, niliyaelewa maneno yake bila kuelewa yangenidai nini mimi kama mama wa watoto wadogo. Nilikuja kuelewa siku ya Jumamosi tarehe 13 Agosti 2022, nikiwa nimesimama kwenye kingo za mikoko na mtoto mgongoni, nikitazama njia niliyopita asubuhi ikiwa imekwisha kumezwa.

Kisiwa chenyewe ni Uzi, kilichoko kusini mwa Unguja ndani ya ghuba ya Menai, ambayo imekuwa eneo la hifadhi tangu mwaka 1997. Kina vijiji viwili, Uzi na Ng'ambwa, na wakati huo kiliungana na kijiji cha Unguja Ukuu kwa njia ya mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa mikono katikati ya mikoko. Maji yakiondoka, walipita humo watu, baiskeli, magari ya ng'ombe na hata magari ya mizigo. Maji yakirudi, mawe yalipotea, na aliyetaka kuvuka alitafuta dau.

Tulikuwa watu wazima watatu, yaani mimi, mume wangu na wifi yangu, pamoja na watoto watatu: binti yangu mkubwa aliyekuwa na miaka mitatu na nusu, mdogo wake wa kiume wa mwaka mmoja na miezi saba, na mtoto wa wifi aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka miwili. Mume wangu alikuwa ameangalia jedwali la maji kwenye simu. Mwezi ulikuwa umepevuka siku moja kabla, kwa hiyo tulikuwa kwenye bamvua, wakati ambapo bahari hupwa sana na kujaa sana, na kupwa kwa mwisho kungekuwa yapata saa nne na nusu asubuhi. Alikadiria kwamba tunaweza kuvuka na kurudi kati ya saa mbili na nusu na saa sita na nusu, na hesabu yake, kama nilivyokuja kujua, ilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosekana ndani yake ni watoto.

Mjini asubuhi ile hapakuwa na upepo wa kumtia mtu wasiwasi. Leo naelewa sababu yake: mji uko upande wa magharibi wa kisiwa, na mwezi Agosti upepo wa kusi huja kutoka kusini mashariki, kwa hiyo nyumba na miti ya Unguja nzima humkinga mtu wa mjini. Anayetazama mawimbi ya Forodhani ili ajue hali ya bahari ya kusini huwa hajaona kitu. Tulipopita Tunguu minazi ilikuwa imeanza kuinama, na tuliposhuka Unguja Ukuu mtandio wa wifi ulipeperuka kabla hajafunga mlango wa gari. Gari lilikuwa la kuazima, na mume wangu hakutaka liguse maji ya chumvi, kwa hiyo tuliliacha chini ya mwembe na kuanza kutembea. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Mtu mzima aliweza kuvuka njia ile kwa muda wa nusu saa hivi, nasi tulitumia saa nzima. Nasema hili bila kujuta, kwa sababu saa ile ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote za siku ile. Katikati ya mikoko upepo haukutufikia, ulisikika tu juu ya majani. Binti yangu aligundua kwamba kaa wadogo wenye gando moja kubwa huingia mashimoni ukisogea na hutoka tena ukitulia, na tangu hapo hakukubali kupita shimo hata moja bila kuchuchumaa na kusubiri. Mtoto wa wifi aliokota mbegu ndefu ya mkoko, ile inayoota ingali juu ya mti kisha ikadondoka na kujichoma topeni, akaishika kama bakora na kukataa kumpa mtu mkono. Kulikuwa na samaki wadogo wanaorukaruka juu ya tope kwa mapezi yao, na mizizi ya mikoko iliyojipinda kama miguu ya mtu anayetaka kuondoka. Baba yao alikuwa akiwaeleza kwamba maji hufika hapa, akionesha mstari mweusi kwenye shina uliokuwa juu ya kichwa cha binti yetu, naye akacheka, kwa sababu hakuamini. Nami, nikisema kweli, niliutazama mstari ule kama mtu anavyotazama alama ya mafuriko ya zamani, jambo lililokwisha kutokea, ilhali ulikuwa alama ya jambo ambalo lingetokea siku ileile.

Tulimkuta shangazi akipepeta mchele uani. Baada ya shikamoo na marahaba, kabla hata hatujaketi, alimuuliza mume wangu, "Mnalala au mnarudi?" Mume wangu akajibu kwamba tunarudi. "Basi adhuhuri ikiadhiniwa muwe mmekwisha kukanyaga mawe. Leo maji makubwa, na kusi hii inayasukuma." Aliyasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekwambia dukani hakuna chenji, nasi tuliyapokea kwa wepesi huohuo. Alitaka tukae kwake tunywe chai. Mimi ndiye niliyesema kwamba watoto wameahidiwa ufukwe.

Ufukwe ulikuwa mdogo, na hapo ndipo tulipokutana na upepo uso kwa uso. Kusi haikupuliza kwa vipindi. Ilisukuma mfululizo, kama mkono uliowekwa kifuani. Mtu mzima huinamisha kichwa akazoea, lakini mtoto wa miaka miwili uso wake uko kwenye kimo ambacho mchanga unaruka. Mtoto wa wifi alilia kwanza, akishika macho. Tulitandika mkeka ukainuka, tukauwekea mawe kwenye pembe, ukainuka katikati. Chakula nilichopika usiku kwa mapenzi, pilau na kachumbari, kiliingia mchanga mara tu kifuniko kilipofunguliwa, na watoto waliokuwa na njaa wakakitema. Mandazi na ndizi, ambavyo wifi alivitia mkobani bila kufikiri sana, ndivyo walivyokula, kwa kuwa ndizi ina ganda lake na andazi huliwa mtoto akiwa amefunikwa ndani ya kanga ya mama yake.

Kisha mwanangu mdogo alikwenda kukaa kwenye dimbwi. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na nilimwachia, nikifikiri kwamba hili ni joto la Agosti, halina madhara. Alipotoka, upepo ulimpata akiwa na nguo mbichi, na kwa muda usiozidi dakika tano midomo yake ilibadilika rangi akaanza kutetemeka. Sikuwahi kuona mtoto akitetemeka kwa baridi chini ya jua la pwani. Nilikuwa na nguo moja ya kumbadilisha, nikambadilisha, na akiwa bado mikononi mwangu akailowesha ile kavu. Ikabidi wifi avue mtandio wake wa juu, tukamviringisha nao. Mambo haya yote ni madogo, lakini kila moja lilikuwa na dakika zake: kuosha macho ya mmoja, kumpasha joto mwingine, kutafuta kiatu cha binti yangu kilichofukiwa, kumbembeleza kwa sababu hakutaka kuondoka bila kiatu, kisha kumbembeleza tena kwa sababu kilipopatikana kilikuwa na mchanga. Adhana ya adhuhuri huenda iliadhiniwa wakati huo. Hatukuisikia, kwa maana upepo ulikuwa ukivuma kuelekea msikitini, na sauti haikuweza kuja dhidi yake. Nilipotazama simu ilikuwa saa sita na dakika arubaini.

Tulifika kwenye mawe saa saba kupita kidogo. Mwanzo wa njia ulikuwa mkavu, na jambo hilo ndilo lililotaka kutuponza, kwa sababu tulitembea hatua mia na zaidi tukiamini kwamba tumewahi. Mbele, mahali njia inaposhuka, maji yalikuwa yakikatiza kutoka upande mmoja kwenda mwingine, yakivuta majani pamoja nayo, na juu yake upepo ulikuwa umetengeneza viwimbi vifupi vilivyotuzuia kuona mawe. Mume wangu aliingia peke yake kupima. Yalimfika magotini. Aligeuka na kusema kwamba anaweza kuwavusha watoto mmoja mmoja, na nilimwona akihesabu: kwenda na kurudi mara tatu.

Mama mmoja alikuwa akirudi kutoka kuokota chaza, beseni kichwani, naye hakuwa na haraka kwa kuwa alikuwa akielekea kwake kisiwani. Alisimama karibu nami. "Mwanangu, msipite na watoto," aliniambia. "Hapo mnapopaona hapana kina kama pale mbele. Na huyo baba akirudi kuchukua wa pili, maji hayatakuwa haya." Mume wangu alisikia akatoka.

Baadaye nilijifunza kwamba alichokisema yule mama wavuvi na mabaharia wamekiwekea kanuni. Maji huchukua kama saa sita kutoka kupwa hadi kujaa, lakini hayapandi kwa kasi moja. Ukiligawa ongezeko lote mafungu kumi na mawili, saa ya kwanza huleta fungu moja, ya pili mafungu mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, kisha mawili, kisha moja. Nusu nzima ya maji huingia katika saa mbili za kati. Siku za bamvua Unguja hupata tofauti inayokaribia mita nne kati ya kupwa na kujaa, kwa hiyo katika saa hizo mbili bahari hupanda takriban mita moja kwa saa. Tulifika kwenye mawe saa mbili na nusu baada ya kupwa, yaani ndani ya saa hizo za mbio zake. Baba aliyelowa magotini akimvusha mtoto wa kwanza angelowa kiunoni akimfuata wa tatu, na mtoto wa kwanza angekuwa ng'ambo peke yake, miaka mitatu na nusu, akiwatazama wazazi wake wakihangaika majini. Picha hiyo ilinijia kitandani siku nyingi baadaye.

Jedwali la simu halikuwa limetudanganya. Lilitaja saa ya kupwa na saa ya kujaa kwa bandari ya Zanzibar, na likanyamaza kuhusu mawe ya Uzi, mahali yanapobonyea, na upepo unaosukuma maji ndani ya ghuba yakawahi kidogo na yakachafuka zaidi. Hayo yalikuwa kichwani mwa shangazi, na alikuwa ametupa bure, kwa sentensi mbili, mlangoni.

Tuliporudi kwake hakutukaripia. Aliwatazama watoto, akamchukua yule mdogo kwanza, akasema, "Njooni muoge, maji yapo motoni," na hapo nikajua kwamba alikwisha kukadiria. Kijana mmoja mwenye dau alikuja kutuambia kwamba angeweza kutuvusha maji yakijaa sawasawa, na mume wangu, aliyekuwa na ahadi ya kurudisha gari jioni, alielekea kukubali. Shangazi alimuuliza yule kijana swali moja tu: kama ni watoto wake, angewapandisha? Kijana akatazama miti, akasema angengoja. Ninamshukuru kwa ukweli huo, maana nauli yake ilikwenda nao. Saa ya kupita tena kwa miguu ilikuwa karibu saa tatu usiku.

Nane ni saa nyingi ukiwa na watoto watatu na mkoba uliofungwa kwa ajili ya asubuhi moja. Nepi zilikwisha saa tisa, na shangazi akanifundisha kumfunga mtoto winda kwa kipande cha kanga kuukuu, mkunjo wa pembetatu ambao mama yangu aliujua na mimi sikuwahi kuuhitaji. Jambo lililonitia hofu ni dawa. Mwanangu mdogo alikuwa kwenye dawa ya maji aliyoandikiwa hospitali, ya kunywa kila baada ya saa nane, na chupa ilikuwa ndani ya gari, chini ya mwembe, ng'ambo ya maji. Kipimo cha saa tisa kilipita. Hakupata madhara, lakini nilimgusa paji la uso labda mara hamsini jioni ile, na nilifahamu jambo ambalo hakuna aliyeniambia kuhusu visiwa vya namna hii: kila unachokiacha ng'ambo, hata kama unakiona kwa macho, kiko mbali nawe kwa nusu siku. Tangu hapo mkoba wangu wa Uzi hufungwa kwa hesabu ya saa kumi na mbili, hata kama tunakwenda kwa saa tatu, na dawa hukaa nguoni mwangu, wala si mkobani.

Hata hivyo, mchana ule ulikuwa mwema kwa watoto kuliko asubuhi. Ua wa shangazi ulizungukwa na ukuta wa mawe, na upepo uliokuwa ukitutesa ufukweni ulipita juu yetu ukitikisa mapapai. Watoto walipewa vifuu na maji ya bakuli, wakapika na kupakua kwa muda mrefu kuliko walivyocheza ufukweni. Tulikula muhogo wa nazi na samaki. Alasiri walipita kima punju kwenye miti nyuma ya nyumba, wekundu mgongoni, wakirukaruka na watoto wao wamewashikilia tumboni, na binti yangu aliuliza kama nao wamechelewa maji. Wageni hulipa kiingilio kuwaona katika msitu wa Jozani. Sisi tuliwaona tukiwa tumekaa mkekani tukichambua mchicha. Nilikuwa nimeikataa chai ya nyumba hii kwa ajili ya ufukwe ambao watoto wa umri wao hawakuuhitaji. Mimi ndiye niliyekuwa na picha ya bahari kichwani, mkeka umetandikwa, familia imekaa. Wao walihitaji mahali pasipo na upepo, kitu cha kujaza na kumwaga, na mtu mzima asiyetazama saa.

Yapata saa kumi na nusu niliomba nipelekwe nikaone njia. Haikuwapo. Mikoko ilisimama ndani ya maji hadi kwenye matawi, na mstari mweusi niliooneshwa asubuhi ulikuwa umefunikwa. Nilikaa pale mpaka nilipotosheka.

Baada ya isha tulikula tena, watoto wakalala. Shangazi alitupa kijana wa nyumbani mwenye tochi na jirani mwenye gari la ng'ombe, na ilipokaribia saa tatu tukaondoka, watoto wamelazwa juu ya mkeka na kufunikwa kanga nne. Mwezi ulikuwa umepanda juu ya mikoko. Upepo ulikuwa umepungua, mawe yakimeta kwa maji, na katika bonde lile la katikati ng'ombe alipita maji yakiwa chini ya kwato zake kidogo tu. Hakuna aliyezungumza. Nilipofika kwenye gari nilimpa mwanangu dawa kabla sijafunga mlango.

Tulirudi Uzi mwezi Desemba, siku ya bamvua tena, kaskazi ikiwa imeanza na joto likiwa kali. Safari hii nilimpigia shangazi simu siku tatu kabla, nikamuuliza mwisho wa kupita ni saa ngapi na upepo ukoje, kisha nikapanga siku kutoka mwisho kuja mwanzo: saa aliyonitajia, nikatoa saa moja ya kaa na mbegu za mikoko, nikatoa nusu saa ya viatu na vilio, na iliyobaki ndiyo niliyoihesabu kuwa yetu. Ilikuwa saa moja na robo. Tuliitumia yote uani kwake, kwa chai.

Adhuhuri ilipoadhiniwa tulikuwa tumekwisha kuvuka, na badala ya kuondoka tulikaa chini ya ule mwembe wa Unguja Ukuu tukimenya machungwa. Watoto walisimama mwanzo wa mawe, mikono yao mikononi mwa baba yao, wakitazama. Maji yalianza kutokea kati ya jiwe na jiwe, yakasita, yakafika kwenye mbegu ya mkoko ambayo mtoto wa wifi alikuwa ameichomeka topeni, yakaizunguka. Binti yangu aliniita kwa sauti kubwa nije nione.